Mhariri, mzazi aanze na reli, kichwa cha treni kitafuata

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu nitoe dukuduku langu, maana toka Jumapili limenikaa kooni. Kwenye ukurasa wa familia mliandika zawadi za watoto wakati wa likizo, mkataja na treni ndogo za umeme, zile za mezani zinazokuja na reli zake, nikafurahi kwelikweli kwa sababu mambo hayo ni nadra kuyakuta kwa Kiswahili, ila mwandishi akamalizia kwamba mzazi achukue treni yoyote itakayompendeza mtoto kwa sababu reli ni zilezile tu. Hapo ndo nikaweka kikombe cha chai chini. Reli sio zilezile jamani. Mimi nimeingia mkenge kwa mawazo hayohayo, na hela iliyopotea sio ya andazi.

Mimi ni fundi redio hapa Tanga, Ngamiani. Marehemu mzee wangu alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotembea kwa miguu kwenye njia ya reli na nyundo begani kukaza na kuangalia mataruma, yale magogo yanayolala chini kushika reli, yeye na wenzake walikuwa na kipande chao huko kabla ya Korogwe. Reli ya kwetu hapa ilianza kujengwa na Wajerumani 1893, ndo ya kwanza kabisa kwa Tanganyika, kwahiyo mtoto wa Tanga kupenda treni sio ajabu. Kijana wangu ana miaka tisa, na tangu aione ile SGR ya umeme ya Dar kwenda Dodoma kwenye simu ya mama yake nyumba nzima hatulali.

Sasa mwaka juzi shemeji yangu alirudi kutoka Marekani na boksi kubwa. Ndani kichwa cheusi, mabehewa matatu, kontrola ya kuongeza na kupunguza mwendo, na reli za vipande zenye tandiko la plastiki jeusi chini, unazibana tu zinaingiana tak, tak, unapata njia ya umbo la yai. Adapta yake ilikuwa ya volti 120 peke yake. Mimi fundi wa umeme, narudia, fundi, sikusoma yale maandishi madogo kwa sababu mtoto ananivuta shati, nikachomeka kwenye 230 yetu, moshi ukatoka hata shemeji hajakaa vizuri. Hilo nikalimaliza kesho yake kwa adapta niliyoiunga mwenyewe na sitaki kulizungumzia zaidi.

Lililoniuma ni reli. Mwezi wa kwanza zilikuwa safi, treni inazunguka sebuleni mpaka bibi yake akawa anaipisha kwa heshima. Ikaja masika. Nyie mnaokaa bara hamjui upepo wa bahari wakati wa masika, hapa hata kitasa cha mlango kinaota kutu. Siku moja narudi dukani kijana ananiambia, baba, treni inakohoa. Kweli, inaenda, inasita, inawaka taa, inazima, inaruka kidogo, inasimama. Nikainama nikaona juu ya reli kuna utando wa rangi ya chai. Nikachukua msasa nikasugua, ikang'aa, ikaenda vizuri siku mbili, halafu ikawa mbaya kuliko mwanzo, kumbe ile mikwaruzo ya msasa ndo inashika uchafu na kutu vizuri zaidi. Nikawa nasugua kila Ijumaa kama mtu anayeosha sufuria.

Watu wengi hawajui kwamba treni hizi hazina betri ndani. Umeme unatoka kwenye kontrola, kama volti 12 hivi za DC, unapita kwenye reli moja, unapanda kwenye gurudumu, unaingia kwenye mota, unarudi kwa gurudumu la upande wa pili na reli ya pili. Kwahiyo reli sio barabara tu, ni waya. Waya wenye kutu unajua mwenyewe unafanyaje. Reli za bei rahisi ni za chuma, zingine za zamani ni za shaba ile ya njano njano nazo zinaota utando usiopitisha umeme, na zile nzuri ni za kitu wanaita nikeli silva, ambayo hata silva yenyewe haimo, ni mchanganyiko wa kopa, nikeli na zinki. Hiyo haioti kutu, na ikichafuka unafuta na kitambaa chenye spiriti basi.

Utazijuaje? Boksi linaweza lisiseme. Chukua sumaku, mimi nilitumia ya spika mbovu iliyokuwa mezani, gusisha kwenye reli. Ikinata, hiyo ni chuma, rudisha mahali pake ondoka. Isiponata na rangi yake ni nyeupe nyeupe kama sarafu, hiyo ndo yenyewe. Ikiwa ya njano achana nayo. Nenda na sumaku mfukoni hata kama muuzaji atakucheka. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa, Unguja, Mtwara, hili tu lingetosha kuwa barua nzima.

Lakini sijamaliza, Mhariri, nivumilie.

Baada ya kuzitupa zile nikaanza kutafuta zingine, nikakuta namba mpaka kichwa kinauma. OO, HO, N, kodi 100, kodi 75. Hiyo kodi sio ile ya TRA, ni urefu wa reli kwenda juu, kwa sehemu za elfu moja za inchi, kodi 100 ni sehemu ya kumi ya inchi, kama milimita mbili na nusu, na kodi 75 ni chini ya milimita mbili. Ile fupi inapendeza zaidi kwa macho kwa sababu inakaribia kufanana na reli ya kweli, ila magurudumu ya treni za zamani yana ukingo mrefu, yakipita kwenye kodi 75 yanagonga mataruma trrrrr njia nzima. Anayeanza achukue kodi 100, na akishachukua hiyo asichanganye na nyingine, maana haziungani bila viungio maalum.

Kuhusu hizo herufi, OO na HO zote zinapita kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. HO imepunguzwa mara 87, na ukichukua geji ya SGR, yaani upana kati ya reli na reli, ambayo ni milimita 1435 ukagawa kwa 87 unapata hiyohiyo 16.5, hesabu imenyooka. OO ya Waingereza mwili wa treni umepunguzwa mara 76 tu lakini wameuweka juu ya reli ileile, sababu treni zao za kweli ni nyembamba na mota za enzi hizo hazikuenea kwenye umbo dogo, kwahiyo treni yao ni pana kidogo kwa reli yake, kama mtu mnene kwenye baiskeli ya mtoto. Inapita, na mtoto hajali. Halafu kuna N, reli ya milimita 9, ndogo sana, nzuri kwa mwenye chumba kimoja. Geji yetu ya zamani ya mita moja, hii ya Tanga, inaingia vizuri kwenye reli ya milimita 12 kwa kipimo cha HO, ndo wanayotumia kutengeneza zile treni nyekundu za milimani Uswisi za Rhätische Bahn ambazo nazo ni geji ya mita, lakini ni ghali na vitu vyake ni vichache, mimi naikodolea macho tu kwa sasa.

Sasa kabla hujatoa hela pima nyumba yako. Nasema hivi kwa sababu kila mtu anapima treni. Reli za vipande za Hornby na za Peco, kampuni mbili za Uingereza, zile za kuanzia zinafuata vipimo sawa, unaweza kuzichanganya, kona zake zina nusu kipenyo ya milimita 371, 438, 505 na 572. Ile ya 371 iache, vichwa vingi vikubwa vya siku hizi vinataka kuanzia 438, kwenye 371 vinatoka relini au vinakwama. Chukua 438, vipande vinane vya nyuzi 45 vinafunga duara, upana wake ni milimita 876, ongeza nafasi ya behewa kutokeza na nafasi ya mkono, unahitaji kama mita moja. Plaiwudi yetu ya futi nane kwa nne ina upana wa milimita 1220, inaingia bila taabu, hata kona ya 505 nje yake inaenea ukataka njia mbili. Ile ya 572 inabakisha milimita 38 kila upande, hapo treni ikiteleza kidogo inaenda sakafuni, na sakafu yangu ni ya saruji.

Na ukidhani 438 ni kona kubwa, zidisha kwa 76 uone. Ni treni nzima inazunguka duara linaloenea ndani ya upana wa uwanja wa mpira! Mzee angecheka mpaka alie. Ndo maana nasema hata ile unayoona kubwa bado ni kona ya kuchezea, chukua pana kadri bodi lako linavyoruhusu, usiione ni kubwa ukachukua ndogo.

Wa chumba kimoja usikate tamaa. Kuna reli za Kato za Kijapani za N, wanaziita Unitrack, zina tandiko lake kama kokoto chini na viungio vinavyobana vizuri, kona ya 282 inafanya duara la milimita 564, linakaa juu ya mlango wa flashi wa sentimita 80. Mlango wa flashi ni mwepesi, umenyooka, unausimamisha nyuma ya kabati mchana, usiku unaulaza juu ya kitanda. Kwa mtu anayecheza na kukunja kila siku hizo reli za tandiko ndo zenyewe, kwa sababu vumbi na nywele za zulia haziingii kirahisi kwenye magurudumu na haulazimiki kupiga misumari. Ila kila kampuni ina mbano wake, ukianza na moja umeolewa nayo. Mwenye bodi la kudumu kama mimi achukue zile tupu za kodi 100, ni rahisi zaidi kuongeza kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

Kuna wataalamu watakwambia vipande ni vya watoto, chukua ile ndefu inayopinda, ya milimita 914, unaikata unavyotaka. Ni kweli inapendeza na viungio ni vichache. Mimi nilinunua minne nikajiona mjanja. Kwenye kona ile reli inataka kunyooka, pale inapoungana na mwenzake inatokeza kwa nje kama kiwiko, na treni inatoka palepale kila mzunguko, palepale! Dawa yake ni kupiga solda vipande viwili vikiwa vimenyooka halafu ndo uvipinde pamoja, kukata kwa mkasi wake maalum sio msumeno wa chuma, na kupiga tupa ncha. Mimi solda ndo ugali wangu na bado niliharibu mmoja. Mtu anayeanza aiweke mwaka wa pili.

Mzee alikuwa na tabia moja, akifika kwenye kipande chake analala chini kifudifudi, anaweka shavu karibu na reli, anafumba jicho moja, anaangalia kwa mbali. Anasema ukisimama reli zote zimenyooka. Nikamkumbuka siku ile ya kiwiko. Nikaweka shavu kwenye plaiwudi, nikafumba jicho, nikaiona ile kona imevunjika kama mkono wa kikombe, na nilishaisimamia wiki nzima nisione kitu. Sasa kijana wangu naye kila tukiunga kipande analaza shavu, ukimkuta utadhani amesinzia.

Na kingine cha mzee, kwenye fishpleti, yaani vile viungio vya reli na reli, usibane reli zikagusana kabisa. Kwenye njia ya kweli wanaacha mwanya sababu ya jua, na kwenye plaiwudi ni hivyohivyo, mbao inavimba masika inasinyaa kiangazi, acha mwanya wa kadi ya vocha. Nilibana zote siku ya kwanza nikaona ni ufundi, mchana wa Januari reli imejikunja imenyanyuka kwenye bodi kama nyoka.

Pointi, yaani zile za kubadilisha njia, nunua mbili tu za kuanzia. Pale katikati reli zinapokutana, wenyewe wanapaita chura, usiniulize kwa nini, pengine ni plastiki pengine ni chuma chenye umeme. Ya plastiki haina usumbufu wa waya, ila kichwa kidogo cha magurudumu manne kikipita polepole kinakosa umeme pale kinasimama, unakisukuma kwa kidole. Ya umeme inapita laini lakini lazima uweke viungio vya plastiki kwenye reli mbili za ndani, usipoweka unapata shoti. Kama treni yako ni fupi na unapenda iende taratibu, sumbuka na ya umeme. Kama mtoto anaendesha kama bodaboda, ya plastiki inatosha, hataona tofauti.

Kijana wangu yeye alibuni njia yake, treni inatoka, inazunguka kama umbo la tone la maji, inarudi kwenye njia ileile imegeuka. Akanionyesha kwa fahari. Kontrola ikazima. Akawasha, ikazima. Nikamwambia weka kidole kwenye reli ya kulia uifuate mpaka mwisho, akaifuata polepole mpaka kidole chake kikafika kwenye reli ya kushoto, akaniangalia. Kulia imekutana na kushoto, hiyo ni shoti ya hali ya juu. Kuna kifaa na namna ya kufunga waya lakini kwa anayeanza, chora yai na kijinjia cha pembeni cha kuegesha, inatosha mwaka mzima, hata treni yenyewe itatamani kupumzika.

Ukiona treni inachoka upande wa mbali wa bodi, kabla hujalaumu kichwa jua ni umeme unaishia njiani, vile viungio vinapoteza kidogo kidogo. Vuta waya mwingine kutoka kontrola ulete mpaka kule, chini ya bodi. Mimi nina sehemu tatu na mwendo umekuwa mmoja.

La mwisho ni kwa wanaonunua mtumba kutoka Ujerumani, maana makontena yanakuja na vitu vizuri. Kuna treni za Märklin zinazochukua umeme katikati ya njia, kwenye vitone vidogo vilivyopangwa juu ya mataruma, na reli zote mbili za pembeni ni upande mmoja wa umeme. Ni treni imara mno, zinadumu. Lakini hazipatani na hizi za reli mbili, magurudumu yake hayana kizuizi cha umeme kati ya kulia na kushoto, ukiliweka behewa lake moja tu kwenye reli zako umepata shoti, na kichwa chako cha kawaida ukikipeleka kwenye reli zake hakiendi. Angalia vitone katikati kabla ya kulipa. Rafiki yangu mmoja wa hapa barabara ya kumi na mbili ana kichwa cha namna hiyo kiko juu ya kabati, kizuri, kinapigwa vumbi, reli zake alikuta zimeuzwa kwa mtu mwingine siku ileile.

Kwahiyo, Mhariri, naomba tu ule mstari wa "reli ni zilezile" muurekebishe kwenye toleo lijalo, hata kwa herufi ndogo chini ya picha, kabla watu hawajapokea mshahara wa Desemba. Na kama mwandishi wenu atapita Tanga aje dukani, bodi liko chumba cha nyuma, alete na sumaku yake kama ana wasiwasi na maneno yangu. Asije Ijumaa asubuhi, kijana hayupo na mimi siruhusiwi kuendesha bila yeye.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi redio, Ngamiani, Tanga